Kopo la Maji ya Chai ya Baba

Harufu ya kutu, jamani, humrudisha mtu mzima utotoni. Likizo iliyopita nilimpeleka binti yangu Asha kwa mama yangu, Newala. Wanaitana somo, maana jina ni moja. Hata shikamoo haijaitikiwa vizuri, mtoto keshaingia uvunguni mwa kitanda na kutoka na kopo la mafuta ya kupikia, lenye mpini wa waya. Nililijua papo hapo. Toi langu!

"Lirudishe hilo, somo," mama akasema, akatazama pembeni.

Sikumwelewa. Kwangu kopo lile lilikuwa fahari. Zilikuwa enzi za ruksa, bidhaa za nje zimeruhusiwa, maduka ya Masasi yameanza kujaa midoli ya plastiki yenye nywele za dhahabu, ila kwetu haukufika hata unywele. Mimi nilikuwa na kopo. Alfajiri tulishuka bondeni kuteka maji, mama na ndoo yake, mdogo wangu mgongoni. Alinisokotea kata ya majani, akanitwika, akaweka na vijani juu ya maji yasiruke, sawasawa na kwenye ndoo yake. Tukipanda kilima, wanawake walinipisha: "Pisheni, mama mwenye nyumba anapita!" Nami nikirefusha shingo, maringo tele. Maji yangu ndiyo yaliyochemshiwa chai ya baba.

Nilipomsimulia Asha hayo, alijitwika kopo akazunguka ua kwa madaha. Tulicheka sana. Mama hakucheka.

"Mama Asha," aliniambia polepole, "kulitupa nimeshindwa, nikawa nalificha, nikiogopa utakuja kuniuliza. Ulikuwa ukilia ubebwe. Mgongoni nina mtoto, kichwani nina ndoo, nikubebe wapi? Nikakutwika kopo, maana mwenye mzigo kichwani haombi kubebwa. Mtoto hata meno ya utoto hayajang'oka! Nikiliona, roho inaniuma."

Kumbe! Asha akichoka njiani hunyoosha mikono tu, nami namnyanyua bila kufikiri. Siku ile ndipo nilipojua mama alivyokuwa akikipanda kile kilima, na uchungu aliokaa nao miaka yote bila kumwambia mtu.

Nikasogea, nikamshika mkono. "Mama, mimi nilikuwa nacheza."

Akanitazama usoni. "Kweli, mwanangu?"

"Haki ya Mungu. Nilikuwa nacheza na wewe."