Kidonge cha Jioni Nilichokimeza Asubuhi

Jamani, habari hii nimeificha miaka mingi, na hata leo naitoa kwa sababu tu mke wangu Otilia ameshaanza kuwasimulia wenzake wa kwaya, tena kwa kuongeza chumvi, basi afadhali mnisikie mimi mwenyewe mhusika. Ndiyo, mimi ndiye yule kijana aliyetapika kwenye sinia ukweni. Si pembeni ya sinia, si nyuma ya nyumba, ni katikati ya sinia, juu ya wali wa mchele mpya, mkono wa baba mkwe ukiwa humo humo ndani.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, nami nilikuwa fundi cherehani pale Mlabani, Ifakara, nashona sare za shule na magauni ya kipaimara. Watu huiona kazi ya cherehani kuwa ni kukaa tu, lakini jaribu wewe kukaa umejikunja kuanzia asubuhi mpaka jua linazama, miguu inakanyaga, shingo imeinama, uone kiuno kitakuambia nini. Mimi changu kilikuwa kinalalamika tangu nikiwa na miaka ishirini na tatu (nilikuwa nikiinuka kwenye kiti lazima nishike meza kwanza, kama mzee wa kustaafu, ila mbele ya wateja nilikuwa najifanya natafuta mkasi).

Otilia kwao Sanje. Baba yake alitoka Njombe ujanani kuja kukata miwa kwenye mashamba ya sukari, akakata miwa miaka na miaka, alipoacha akanunua shamba la mpunga huko huko akahamia kabisa. Mtu wa aina hiyo ukimwambia binti yake anataka kuolewa na fundi cherehani, unategemea aseme nini? Alisema, "Huyo anakaa kutwa nzima kwenye kiti, shambani ataweza nini?" Maneno hayo yalinifikia Mlabani yakiwa bado ya moto, kwa sababu mshenga wangu alikuwa Mjomba Kasian, ndugu wa mama yangu, anayeuza ndizi pale Sanje, na mjomba hajui kubakiza neno.

Basi mzee akatoa sharti lake, ambalo si geni kwa watu wa kule: huyo mchumba aje siku ya kuvuna, afanye kazi na wenzake, tumwone. Na kuna jambo jingine lazima mlielewe, la sivyo hamtaielewa aibu yangu. Mchumba akienda kuvuna ukweni hali chakula. Anafanya kazi, watu wanakula, yeye anakaa pembeni anaangalia milima. Kama mzee ameridhika naye, atamwita kwa mdomo wake mwenyewe waje wakae sinia moja, na ukishakula naye basi umekubaliwa, mengine ni maelewano tu ya wazee. Asipokuita, unaaga vizuri unaondoka na njaa yako, na posa imekufa.

Kwa hiyo siku moja kabla ya safari nilikwenda duka la dawa. Dada muuzaji akaniuliza panauma wapi, akanihesabia vidonge kumi vya diklofenaki kwenye bahasha ya kaki, akaandika juu yake kwa kalamu nyekundu. "Kimoja asubuhi, kimoja jioni, siku tatu nne tu, maumivu yakizidi uje tuzungumze. Na kula kwanza ndipo umeze, umesikia?" Nikamwambia nimesikia dada. Na kweli nilisikia, masikio yangu hayajawahi kuwa na tatizo.

Nililala kwa Mjomba Kasian. Alfajiri mke wake akaniletea ndizi za kuchemsha na chai ya maziwa, nikakataa. Sikukataa kwa maringo, nilikataa kwa hesabu zangu: nikila ndizi nyingi asubuhi, katikati ya kuvuna tumbo litanidai, na mchumba hawezi kuonekana na mama mkwe akikimbilia vichakani. Afadhali niende mtupu. Nikafungua bahasha yangu ya kaki, nikatoa kidonge cha asubuhi, halafu nikakaa nikawaza (hapa ndipo kila kitu kilipoharibikia, mwone jinsi mambo makubwa yanavyoanza na kitu kidogo). Nikawaza, hiki cha jioni kina faida gani kwangu? Jioni sina kazi, kazi iko asubuhi. Nikameza vyote viwili kwa mpigo, na maji nusu kikombe.

Mjomba aliponiona akatabasamu, akaenda ndani akarudi na asprini mbili. "Ongezea na hizi, mpwa wangu," akasema. "Hizi ni za kichwa, zile ni za mgongo, kila moja ina njia yake." Nikaona maneno ya mtu mzima, nikameza.

Niseme ukweli, sijawahi kuwa mwanamume kama nilivyokuwa asubuhi ile. Mgongo ulinyamaza kabisa. Nilishika mundu nikaingia kwenye mstari na majirani saba wa mzee, watu waliozaliwa ndani ya mpunga, na hawakuniacha. Nilikuwa nakata, nafunga, nabeba, narudi. Otilia alikuwa upande wa wanawake anajifanya hanitazami. Mama yake akaniletea maji kwenye kata, "Mwanangu pumzika kidogo, jua hili," nikamwambia "Asante mama, bado sijachoka," maji sikuyagusa, mpumbavu mimi, eti asije akaniona mlegevu. Baba Otilia mwenyewe alikuwa amekaa kivulini muda mwingi, anahema kidogo, nikadhani anakaa kama mkaguzi. Mara akasema kwa sauti ya kusikika, "Kumbe cherehani nayo inatoa watu." Hapo nilivimba kichwa. Ilipofika saa nne nikahisi kiuno kinataka kuamka, nikajibanza nyuma ya matita ya mpunga nikameza kidonge cha tatu, kikavu, kwa mate.

Saa sita moto ukawaka. Mwanzoni ulikuwa mdogo, hapa chini ya kifua, nikadhani ni njaa. Halafu ukawa kama mtu ananikamua tumbo kwa ndani kama nguo iliyofuliwa. Nikaendelea kukata, jasho jembamba la baridi likinitoka juani, na nikawa namwomba Mungu kitu kimoja tu, kwamba leo mzee asiniite kula. Hebu fikirini. Nimesafiri kutoka Ifakara nikimwomba Mungu mzee aniite, sasa namwomba asiniite.

Akaniita.

"Kijana," akasema, watu wote wakiwa wamekaa na sinia zao, "sogea hapa tule." Wanawake wakapiga vigelegele, Mjomba Kasian, aliyekuja nami kama mshenga, akanipiga bega. Ningefanyaje? Ukikataa sinia hilo umemkataa binti mbele ya kijiji. Nikanawa, nikakaa. Wali mweupe unafuka moshi, samaki aina ya kitoga kwenye mchuzi mwekundu, pilipili inaelea juu kabisa, maana watu wa Njombe nao na pilipili zao. Mzee akamega nyama ya mgongo wa samaki akaniwekea upande wangu. Hiyo ni heshima kubwa, na mimi naiangalia kama naangalia kaburi langu. Tonge la kwanza likapita. La pili likasimama njiani. La tatu sikumbuki kama nililitia mdomoni, nakumbuka tu kilichotoka, na kilikuwa cheusi cheusi chenye chembechembe kama machicha ya kahawa.

Mzee akautoa mkono wake kwenye sinia taratibu, akautazama. Nilitamani kufa pale pale. Na kama ingeishia hapo ningesema basi, lakini nilikuja na mjomba. Mjomba Kasian alipoona weusi ule akasimama na kumnyooshea kidole Mama Otilia.

"Mmemlisha nini mtoto wa dada yangu?"

Mama wa watu alikuwa ameshika upawa. Majirani waliokuwa wanakula sinia nyingine wakaacha kula, mmoja akatema. Nikamsikia mwanamke mmoja akinong'ona kwamba hawa si wa hapa, nani ajuaye mambo yao. Yule mama alikuwa ameishi nao kijijini miaka yote ile, wamelimiana mashamba na kuzikana, na kwa matonge yangu matatu akawa mtu wa kutiliwa shaka. Otilia akanitazama kwa mara ya kwanza siku ile, waziwazi, akisubiri niseme kitu.

Kunyamaza kungenifaa mimi. Ningebebwa kama mgonjwa, mgongo wangu ungebaki siri, ningebaki shujaa wa kuvuna aliyepatwa na baya. Lakini mwangalie mama yule. Nikaingiza mkono mfukoni nikatoa bahasha ya kaki, nikaiweka chini mbele ya watu wote, nikasema, "Mama hana kosa. Ni mimi. Mgongo wangu ni mbovu, nimemeza dawa tangu alfajiri ili ubovu usionekane, na sijala tangu jana. Na mjomba kaniongezea asprini." (Hiyo ya mjomba ilinitoka tu, lakini sikujuta.) Mjomba akaketi.

Baba Otilia akanawa mkono, akaenda kuleta baiskeli. Mimi nikawekwa kwenye karia, mzee anaendesha polepole, Mama Otilia na Otilia wanafuata, na nusu ya watu wa Sanje wako barabarani wanatazama mchumba anavyopelekwa zahanati akiwa amekumbatia kiuno cha baba mkwe wake.

Nesi wa zahanati alikuwa mama mnene mwenye miwani, asiye na haraka. Akamwamkia mzee shikamoo, akasoma bahasha yangu, akavihesabu vilivyobaki, akanitazama juu ya miwani. "Hapa pameandikwa jioni. Kwako jioni inaingia saa ngapi?" Akanieleza, huku akinichanganyia dawa nyeupe ya maji ya kunywa, kwamba asprini na diklofenaki ni ukoo mmoja, hazina njia mbili kama nilivyodanganywa, na ukizimeza pamoja hupati nafuu mara mbili, unapata madhara mara mbili, zinakwangua tumbo mpaka linatoa damu, hasa likiwa tupu. Na figo nazo huumia, mtu ukiwa juani kutwa hujanywa maji. "Maumivu kidogo ungemeza panado na kupumzika," akasema. "Hizi ni kidonge kimoja baada ya kushiba, siku chache, basi. Na pombe kaa nayo mbali. Mwenye vidonda vya tumbo, mwenye presha, mjamzito, mzee, hao waulize kwanza." Kisha bila kupunguza sauti, mlango wazi, wakwe wako mlangoni, akauliza, "Choo chako kina rangi gani?"

Nilidhani aibu ya siku ile imekwisha, kumbe ilikuwa inapumzika. Nikasema kwa sauti ya chini kwamba ni cha kawaida.

"Kikiwa cheusi, kama lami, usingoje kesho, njoo mbio. Hiyo ni damu."

Ndipo nikamsikia mzee nyuma yangu akikohoa. "Na kama ni cheusi tangu wiki iliyopita?" akauliza.

Nesi akageuka. "Cha nani, baba?"

Mzee akafungua kifungo cha mfuko wa shati, akatoa karatasi iliyokunjwa, ndani yake mna vidonge vya rangi mbili, vya indosidi, ukoo ule ule wa dawa zangu, vile vya kununua kimoja kimoja dukani. Alikuwa anameza vitatu kila siku, na vinne siku za kazi, tangu alipoacha kukata miwa, kwa ajili ya mgongo. Mkewe hakujua. Nesi akamvuta kope la chini akalitazama, ndani pamekuwa peupe kama karatasi. "Baba, wewe damu imekwisha," akasema, na sasa alikuwa na haraka. Mama Otilia akaanza kulia, akasema kumbe ndiyo maana, kumbe ndiyo maana anahema kupanda ngazi mbili tu. Na mimi, pamoja na moto wangu wa tumbo, nikamtazama yule mzee aliyenipima mgongo wangu kutwa nzima nikaona huruma mpaka nikasahau kujihurumia.

Lilipatikana lori la mpunga, tukapelekwa Ifakara hospitali wote wawili, tumelala juu ya magunia, mimi upande huu, yeye upande ule. Njiani, lori liliporuka shimo kubwa, tuliguna pamoja tukashika viuno pamoja, akanitazama akacheka kidogo. Pale mapokezi karani aliandika jina la mzee, akanigeukia mimi akauliza, na wewe ni nani wake? Nikajiuliza, mimi ni nani? Mchumba aliyetapika kwenye sinia? Mzee, ambaye sauti ilikuwa imemwisha, akasema, "Andika mkwe."

Aliongezewa damu, akalazwa wiki mbili, mimi wiki moja. Mjomba Kasian alikwenda mwenyewe kumwomba Mama Otilia radhi, na mama akamsamehe, ingawa mpaka leo akimpakulia chakula humwambia aonje kwanza mbele yake, asije akasema amelishwa kitu. Mimi mgongo bado unauma, nawaambieni wazi, na nikiinuka kwenye cherehani nashika meza mbele ya mteja yeyote. Niliapa nikiwa kitanda cha hospitali, na sijavunja: sitameza tena kidonge kwa ajili ya kumwonyesha mtu kwamba siumwi.