Ndama wa Landrova

Siku moja huwa inanirudia kila nionapo mtu akirekebisha kitu ambacho hakijaharibika. Ni siku ambayo Landrova ilizaa uwanjani Nkololo, mwanangu, mbele ya umati, na mtoto akakataliwa.

Nilikuwa likizo kutoka chuo kikuu, na kalamu mbili mfukoni mwa shati na ushauri kwa kila mtu. Biashara ilikuwa imeanza kufunguliwa. Wanunuzi binafsi wa pamba waliingia vijijini, na magari chakavu ya ushirika yakawa yanauzwa. Shemeji yangu Masanja alinunua Landrova iliyoota majani hadi kwenye usukani, akahangaika nayo misimu miwili mpaka ikawaka. Aliipaka rangi nyeupe yote, isipokuwa mlango wa kushoto, alioutoa kwenye gari jingine lililokufa. Huo ulikuwa wa kijani, naye akauacha hivyo hivyo.

Baba yangu mkubwa alikuwa manju, kiongozi wa ngoma. Kwetu baada ya mavuno makundi mawili hucheza uwanja mmoja, kila moja upande wake, na mshindi ni lile lililozungukwa na watu wengi. Tulikuwa tumeshindwa msimu uliotangulia. Sasa wapinzani walikuja na spika kubwa juu ya pikapu nyeupe ya mnunuzi wa pamba, na vijana wetu walikwisha kunong'ona kwamba tukishindwa tena watahamia huko.

"Landrova itaingia uwanjani," baba mkubwa aliniambia, "itafunguliwa mlango wa nyuma, izae. Wewe nitengenezee ndama."

Nilipima gari zima kwa futikamba. Kila futi moja nikaifanya inchi mbili. Nilikata madebe, nikachonga magurudumu ya mbao na kuyavisha vipande vya kandambili. Niliweka hata vifuta kioo. Nilipofika kwenye rangi nikajiona mwerevu kuliko Masanja: nikapaka nyeupe kote, kama gari lilivyotoka kiwandani.

Siku ikafika. Landrova iliingia ikipiga honi, ikasimama, mchezaji akavuta kamba, na ndama akateremka taratibu kwenye ubao. Watu walishangilia. Kisha mayu mmoja, mama mzee aliyekuwa mbele, akainama, akamtazama mtoto, akamtazama mama.

"Mama ana baka, mtoto hana," akasema. "Huyu mmemwiba."

Kicheko kilichofuata hakikuwa chetu. Watu wakaanza kuhamia kwenye spika. Nikatafuta pa kujificha. Pakavu hapo, hata kichaka hakuna.

Baba mkubwa akanyanyua usinga, ngoma zikanyamaza. "Mayu kasema kweli," akapaza sauti kuelekea ng'ambo. "Nijibuni basi. Nani hapa ana gari jeupe tupu, lisilo na baka?"

Vichwa vyote viligeukia pikapu.

"Dume lenu limeruka boma letu. Njooni mumwone mtoto wenu."

Walikuja wakicheka hadi kushika mbavu. Hata dereva wa pikapu aliteremka kumkagua mwanawe. Jua lilipokuwa linazama spika ilikuwa inawaimbia mbuzi, na vijana wetu hawakuzungumzia tena kuhama.

Baba mkubwa alisubiri watu waondoke. "Ng'wanawane, mwanangu, ule mlango wa kijani uliuacha wapi?"

"Niliona ni kasoro, baba."

"Watoto wa kijiji cha Kasoli wanaitambua Landrova ya Masanja kwa kitu gani?"

"Kwa mlango huo huo."

"Umetengeneza vizuri sana gari la mtu mwingine. Leo nimekuokoa kwa uongo. Kesho atakuokoa nani?"

Masanja hakunilaumu. Alinipa kopo la rangi ya kijani na brashi. "Ndio mlango uliopatikana," alisema. "Bila huo ningekula vumbi hadi Bariadi." Nikapaka mlango wa kushoto wa ndama.

Basi mwanangu, ukipewa kazi ya kueleza kitu au mtu, awe mzazi wako, kijiji chako au wewe mwenyewe, usianze kwa kumnyoosha. Mtazame alivyo. Pale unapotaka kupaka nyeupe, simama kwanza uulize. Huenda ndipo wenzake wanapomtambulia. Mimi nimeandika mengi tangu hapo, na bado brashi nyeupe hunijia mkononi kabla ya ile nyingine.

Mungu akujalie macho ya yule mayu. Na siku utakayokosea, akuwekee karibu mtu wa kukuokoa kwanza na kukugombeza baadaye, watu wakishaondoka.