Baba Mdogo Alivyomlinda Simba wa Kitabuni

Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, ni mlinzi wa geti la ghala la mabati. Ni mtu wa kazi hata usingizini. Hulala amenyooka, mikono ubavuni, kama yuko kwenye gwaride. Anakaa chumba cha uani kwetu, na binti yangu wa mwisho, niliyempata wakati wenzangu wanapata wajukuu, hambanduki.

Binti huyo alifika miaka mitatu hajasema neno. Anasikia, anacheka, anaonyesha kidole, neno hakuna. Usingizi ulinihama. Muuguzi wa kliniki akanipa kitabu cha picha. "Mama, chezeni naye, msomeeni, muulizeni. Halafu nyamazeni, mmsubiri." Hapo pa kunyamaza ndipo paliponishinda! Namuuliza huyu nani, najijibu mwenyewe: simba. Ndipo shemeji akajitolea.

Jumapili moja wakafika kwa simba. Shemeji akanguruma mpaka kuku wa jirani wakatawanyika. Mtoto akakifunga kitabu, pap! Akakiweka mlangoni, akamwashiria baba yake mdogo akikalie, simba asije akatoka.

Shemeji akapiga saluti, akakaa.

Nikaja na beseni la nguo. "Shemeji, sogea nipite."

"Siwezi. Niko lindoni."

"Unalinda karatasi?"

"Lile geti nimelilinda miaka nenda rudi, mwizi sijamwona hata kisigino. Mbona siliachi? Aliyeniweka ndiye ataniondoa. Kwa mdomo wake."

Na mdomo wenyewe ndio huo.

Nikamruka na beseni langu. Jirani alikuja kuomba chumvi, naye akamruka, akauliza kulikoni. "Kuna simba," shemeji akamjibu bila kucheka. Jirani akatoka mbio, chumvi kaiacha. Chakula nikampa palepale, kama mfungwa. Mtoto akawa anapita kumkagua, mikono nyuma.

Jioni simu ya shemeji ikalia. Alikuwa mkuu wake wa zamu.

"Uko wapi wewe?"

"Lindoni, afande."

"Lindo gani? Geti halina mtu!"

Nikamvuta mkono. "Shemeji, nyanyuka, utafukuzwa kazi!" Nikamgeukia mtoto nimsemee: haya, baba mdogo aende. Shemeji akaweka kidole mdomoni mwake, ninyamaze. Akamtazama mtoto.

"Mkuu, naomba ruhusa. Niondoke?"

Akanyamaza. Nami nikang'ata ncha ya kitambaa changu cha kichwa.

Mtoto akamtazama, akakitazama kitabu.

"Bado," akasema.

Bado! Wazi kabisa, na sauti nzito kama ya bibi yake. Shemeji kwa furaha akataka kuruka juu. Nikamkamata mabega, nikamkandamiza chini. "Kaa! Hukusikia? Bado!" Simu ilikuwa ingali inafoka. Nikaichukua. "Afande, huyu hatoki. Leo tafuta mwingine."

Mume wangu alipobisha hodi nilimpitisha dirishani. Mguu wake wa pili ulikuwa bado uko nje nilipomhimiza shemeji:

"Muulize tena, baba yake asikie."