Anayehesabu Pumzi

Binti anayetafiti hali za wanyama wa nyumbani huja kila Jumatatu kumkagua paka niliyeachiwa na mume wangu alipohamia kwa mwanamke mwingine. Binti huyo ana vidole vyembamba, na sauti ya kubembeleza mgonjwa. "Anakula? Analala? Kuna anayezungumza naye?" Mume wangu hakuwahi kuniuliza hata moja kati ya hayo. Kisha binti hufumba macho, akahesabu pumzi na kuandika. Leo ameketi mbele ya kiti kitupu cha paka, akafumba macho vilevile.

"Paka alikufa Alhamisi, binti. Utahesabu pumzi za kiti?"

"Najua, mama. Tangu siku ya kwanza nahesabu zako."

Nikabana pumzi. Kalamu yake nayo ikasimama, ikangoja.