Ufunguo Nusu

Mume wangu, Joram Opondo, alitengeneza umeme wa magari kwa miaka thelathini na mmoja na hakuwahi kumiliki gari. Alikuwa na baiskeli. Taa yake ilikuwa inawaka.

Gereji yake ilikuwa uwanja wa vumbi ukingoni mwa Kaloleni, Kisumu, wenye paa la mabati upande mmoja na upande wa pili hewa ya Mungu. Mafundi wengine wa pale walikuwa wa injini na wa kunyoosha bodi. Joram alikuwa fundi wa waya. Wale wa injini walimdharau kidogo kwa sababu alirudi nyumbani akiwa msafi.

Kazi yake kubwa ilikuwa vile vitu vinavyokula umeme bila kusaidia gari kutembea: redio, vioo vya madirisha, na ile soketi ya kiberiti ambayo siku hizi hakuna anayewashia sigara, watu wanachajia simu. Vitu hivyo huamka ufunguo ukizungushwa hatua ya kwanza, kabla injini haijawaka. Joram aliiita hatua hiyo nusu. "Weka nusu," alimwambia mwenye gari, na mtu akikosea akawasha injini, Joram alimtazama mpaka aizime.

Mimi nilimpelekea chakula saa saba kila siku, kwa sababu hakuamini samaki wa mtu mwingine. Mara nyingi nilimkuta amelala chini ya dashibodi, miguu nje, na kwa kuwa nilikuwa karibu nilipewa kazi, akiniita kwa nilikotoka, binti wa Asembo. "Nyar Asembo, weka nusu." Naweka. "Zima." Nazima. Tuliishi hivyo miaka ishirini na sita ya ndoa. Watu wengine huwa na mazungumzo.

Kifaa chake kilikuwa testa, yaani balbu ndogo ya indiketa aliyoiunganisha na nyaya mbili. Mteja mmoja alimpa mita ya kisasa yenye tarakimu. Alimshukuru, akaiweka kwenye boksi lake, na iko humo hadi leo.

Na alikuwa na msimamo mmoja ambao ulimfukuzia wateja wengi. Mtu alikuja akisema, "Fundi, fyuzi inakufa kila siku, niwekee kubwa zaidi." Joram alikataa. Alisema fyuzi haina makosa, imekufa ili gari lisiungue, na anayetakiwa kutafutwa ni aliyeiua. Siku ya kwanza kumsikia nilimwambia kwamba hiyo ni injili yenyewe, kwamba hata Bwana wetu hakuwa na kosa. Akanisikiliza hadi mwisho.

"Sawa," akasema. "Shika taa."

Kiharusi kilimpata Jumapili kanisani, wakati wa matangazo. Tulidhani amesinzia, maana ndivyo alivyofanya kila wakati wa matangazo. Tulipoanza kuimba hakusimama, ndipo nikajua. Mkono wa kulia ulikufa na mguu wa kulia ukawa wa kuburuta. Mdomo ulibaki. Mchungaji Nicodemus alipokuja hospitalini kumwuliza anajisikiaje, Joram alimjibu, "Niko nusu, Mchungaji. Redio inalia, injini haiwaki." Mchungaji alikemea roho ya kuchanganyikiwa kwa muda wa robo saa. Joram alisema amina.

Alikaa nyumbani kwetu Nyalenda miezi minane. Wateja walienda kwa wengine, na sikuwalaumu. Yeye hakulalamika. Siku moja nilirudi kutoka kuteka maji nikakuta ameifungua redio yetu kwa mkono wa kushoto, vipande vyote vimepangwa juu ya meza kwa utaratibu. Hakuweza kuirudisha. Alizitazama zile skrubu, akaniomba nizitie kwenye mkebe. Hakuiulizia tena redio hiyo.

Halafu, Jumatano moja asubuhi, gari jeupe likasimama mlangoni kwetu, mahali ambapo magari hayasimami kwa sababu ya mtaro. Alishuka Jasleen, binti ya Mzee Harbhajan. Mzee huyo zamani alikuwa na malori ya kubeba miwa kule Muhoroni, na Joram ndiye aliyetengeneza taa zake zote, hadi malori yakauzwa. Sasa mapafu ya Mzee yalikuwa yamechoka. Alipumua kwa mashine ndogo ya hewa iliyokaa miguuni pake, na mpira mwembamba uliopanda mpaka puani.

"Opondo!" Mzee aliita kutoka ndani ya gari. "Nasikia wewe mguu hapana tembea."

"Nasikia wewe hupumui," Joram akajibu kutoka kwenye kiti chake cha plastiki.

"Basi tuko sawa. Tukiunganishwa tunatoka mtu moja mzima."

Jasleen hakucheka. Alitueleza shida akiwa amesimama. Ijumaa Mzee alitakiwa kwa daktari wa mapafu Eldoret. Betri ya mashine ilikuwa imezeeka, ilishika dakika ishirini tu. Njiani ilitegemea soketi ya gari, na soketi ilikuwa inakufa. Wakitoka nyumbani, hawajafika hata mzunguko wa kwanza wa barabara, fyuzi imeenda. Alikuwa amelipeleka gari kwa mafundi wawili. Kila mmoja alibadilisha fyuzi, akachomeka chaja yake ya simu, ikafanya kazi, akasema gari liko sawa.

"Kwa fundi inakuwa na adabu," alisema Jasleen. "Ikifika barabara inakuwa shetani. Samahani, Mama Aloo."

"Shetani yuko," nikasema. "Lakini tuangalie waya kwanza."

Joram aliniambia nifungue kisanduku cha fyuzi. Nilivuta ya soketi nikampelekea. Fundi wa pili alikuwa ameizungushia ile karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, ili isiweze kufa tena. Joram aliishika kwenye kiganja cha kushoto kama mtu aliyeonyeshwa picha mbaya.

"Ingiza pua chini ya dashibodi. Kunanuka?"

Nikanusa. "Kama plastiki ya kuungua."

"Hii ingewachoma wote wawili, na hiyo mashine ya hewa ingesaidia moto," alimwambia Jasleen kwa sauti ya kawaida kabisa. Jasleen aliegemea mlango.

Tulimshusha Mzee kwa sababu ya jua, tukamkalisha kivulini na dakika zake ishirini, halafu jirani yetu Oluoch akavuta waya wa umeme kutoka dirishani mwake ili mashine ipumue stima ya nyumba. Nikasukuma kiti cha mbele ili nipate nafasi, nikaanza kazi. Joram alitaka niiweke testa mahali pa fyuzi, waya moja huku na moja kule, na soketi isichomekwe chochote. Taa ikikaa imezima, hakuna tatizo. Ikiwaka, umeme umepata njia ya mkato, tumempata mwuaji.

"Weka nusu."

Nikaweka. Taa imezima.

Nilitikisa waya za dashibodi. Imezima. Niliitikisa soketi yenyewe, nikagonga, nikavuta. Imezima. Oluoch alishauri tubadilishe betri. Mama mmoja aliyekuwa akipita na ndoo alishauri tuuze gari. Saa nzima ikapita na jua likapanda. Nilikuwa nimelala kifudifudi ndani ya gari la watu, gauni limeshika vumbi, nikiuliza "Sasa?" na yeye akijibu "Sasa pale," hadi sehemu za kugusa zikaisha.

Nikatoa kichwa.

"Benta," akasema, "tuache."

Hakuwa ameniita Benta tangu tumzae Aloo. Na sikuwahi kumsikia akiacha gari. Jasleen aliinama akaanza kukunja ule waya wa umeme polepole, kama mtu anayekunja nguo za mgonjwa. Nilielewa kwamba Joram akiachia hili, hataondoka tena kwenye kile kiti. Niliomba hapo hapo, mdomo umefungwa, na sikuliombea gari.

"Mzee akipanda," nikamwambia Jasleen ili tu niseme kitu, "mnamsaidia vipi?"

"Anakaa mbele, kushoto. Tunarudisha kiti nyuma kabisa. Miguu yake imefura, haikunjiki."

Joram aliinua kichwa. "Nyuma kabisa?"

"Mpaka mwisho."

"Na mafundi walikuwa wanakuta kiti kiko wapi?"

Jasleen alifikiri. "Naenda bila Baba, kiti inabaki nyuma. Lakini wao wanaisukuma mbele. Wapate nafasi."

"Kama mimi," nikasema.

"Kama wewe," akasema Joram. "Mpandisheni Mzee. Kila kitu kama siku ya safari. Wewe, Nyar Asembo, shika taa, usiangalie kitu kingine. Hata akikusalimia."

Tulimpandisha. Alipanda kwa hatua tatu na mapumziko mawili, akakinga kilemba chake kisigonge mlango. Ufunguo ulikuwa nusu. Taa mkononi mwangu imezima. Jasleen akavuta wenzo, kiti kikateleza nyuma, kikalia tak kwenye jino la mwisho.

Taa ikawaka. Iliwaka sana, kama ya gari jipya.

"Imewaka," nikasema.

"Sema tena."

"Imewaka, Baba Aloo."

"Opondo!" Mzee Harbhajan akapiga dashibodi. Alizaliwa Kisumu na Kijaluo anakijua. "Jina yako ni 'amejificha', na hii kitu imejificha chini ya matako yangu!"

Joram hakucheka hadi kazi ilipoisha. Niliinua zulia nikaikuta waya ya soketi imelala chini ya reli ya kiti, imechubuliwa ngozi hadi shaba inaonekana. Kiti kikiwa mbele, waya inapumzika. Kikirudi nyuma kabisa, reli inaikanyaga na umeme unaingia kwenye chuma cha gari. Aliniambia jinsi ya kuifunga kwa tepu, jinsi ya kuihamisha ipite pembeni, mahali pa kuibana. Nikamsogezea kiti chake hadi mlangoni. Aliikagua kwa kidole kimoja cha mkono wa kushoto, taratibu, mwanzo hadi mwisho.

"Rudia pale katikati," akasema.

Nikarudia. Tukaweka fyuzi mpya. "Ampea kumi na tano," alimwambia Jasleen. "Si ishirini. Mtu akikupa ishirini, mrudishie na salamu zangu."

Ijumaa saa tano mchana simu ililia. Jasleen alikuwa Eldoret. "Fundi, tumefika na mashine bado inapumua," akasema. Joram akamshukuru kwa Kijaluo, "Ero kamano," akakata. Kisha akaniuliza kama ule mkebe wa skrubu za redio bado upo.

Habari ilitembea, na magari yakaanza kuja kule kwenye mtaro. Kwa miezi kumi na minne yeye alikuwa fundi na mimi nilikuwa mikono. Wateja waliambiwa na mafundi wa Kaloleni kwamba Opondo anatengeneza magari akiwa ameketi na mkewe ndiye anayelala chini. Hilo lilikuwa kweli.

Alifariki Machi, asubuhi, kabla sijampa chai. Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Nimeyasema maneno hayo kwa kila aliyekuja, na nayaamini. Siku nyingine yananikaa mdomoni kama uji wa moto, siwezi kuyameza wala kuyatema.

Tulimzika nyumbani kwao Seme. Mzee Harbhajan alikuja. Gari lake liliegeshwa kando ya tenti, yeye akabaki ndani na mashine yake, dirisha limefunguliwa ili asikie. Wahubiri walikuwa wanne. Mchungaji Nicodemus alikuwa wa nne, na alipofika kwenye pointi ya tatu Jasleen alikuja kuinama sikioni mwangu.

"Mama Aloo, pole sana. Gari imekataa. Baba alizima injini asisumbue maombi, akaacha ufunguo nusu. Betri imeisha. Na waya ya stima tumeiacha Kisumu."

"Mashine ina muda gani?"

"Dakika kumi na tano. Labda."

Vijana walikuwa wameshazunguka gari, mikono kwenye buti ya gari, wako tayari kusukuma. Nikasimama. Shemeji yangu Ajwang akanishika gauni.

"Mjane haondoki kwenye kiti," akanong'ona.

"Ajwang, hii ni kazi ya kaka yako."

Aliniachilia.

"Msisukume," niliwaambia vijana. "Hii ni otomatiki, haisukumwi." Gari la maiti lilikuwa bado langoni, dereva wake anakula. Nikamwambia alilete, pua kwa pua, na alete nyaya za kuazimia moto. Alikuja na mfupa wa kuku mdomoni. Nilifunga nyekundu kwa nyekundu, nikafunga nyeusi kwenye betri yake, na ya mwisho nikaifunga kwenye chuma kitupu cha gari la Mzee, mbali na betri, kama nilivyofundishwa. "Kanyaga mafuta," nikasema. Gari la maiti likanguruma. Mchungaji Nicodemus akanyamaza katikati ya sentensi, na waombolezaji wote wakageuka.

"Jasleen, sasa si nusu. Zungusha yote."

Injini ikawaka. Mashine ikalia mlio wake mdogo, ikaendelea.

"Pole, Mama Aloo," Mzee akasema dirishani. "Nilizima kwa heshima."

"Msiba mwingine, heshimu injini ikiwa inawaka."

Basi gari lililomleta Joram ndilo lililompa Mzee Harbhajan moto wa kumrudisha nyumbani. Nilizikunja zile nyaya, nikarudi kwenye kiti changu. Mchungaji aliniuliza kwa upole kama aanze upya ile pointi ya tatu. Nilimwomba amalizie.

Tulipofika kaburini mikono yangu ilikuwa myeusi kwa uchafu wa betri. Ajwang alinipa kitambaa nipanguse. Nilikishika tu, nikachukua udongo hivyo hivyo.