Tulipomfungia Mwalimu Lango

Nikisikia mtu akisema walimu wabovu wafutwe kazi ili shule zitengenee, namuuliza: wafutwe, au wahamishwe? Maana mchezo huo nimeshachezewa, na hasira yake haijanitoka.

Mwanangu alikuwa akisoma Kisumu Ndogo, hapa Malindi. Amefika gredi ya tano na kusoma hajui. Mwalimu wake wa darasa alikuwa akiingia saa nne, akawaandikia ubaoni maneno ya kunakili, kisha akauchapa usingizi, kichwa juu ya meza. Tulimsema kwa mwalimu mkuu mpaka midomo ikatukauka. Basi sisi akina mama tukafanya linalofanywa huku kwetu mambo yakishindikana: tukalitia lango la shule kufuli, tukaketi mbele yake tukiimba, mpaka afisa wa elimu akaja mwenyewe.

"Haya, mama zangu, fungueni," akasema. "Huyu hamtamwona tena."

Tukapiga vigelegele. Nikapika na pilau, mjinga mie.

Kweli hatukumwona. Wala hatukumwona mwingine. Muhula mzima darasa likakaa bila mwalimu, watoto wakirushiana vipande vya chaki. Tuliruka majivu tukakanyaga moto. Kila nikienda kwa yule afisa, naambiwa nivute subira. Subira gani? Mwanangu anashika gazeti kichwa chini miguu juu, mimi nivute subira?

Nikakata shauri kumpeleka kijijini Jilore kwa mamangu, asomee huko. Nikamshonea sare mpya. Njiani nikamwambia, huko unaanza upya, usione haya kusema hujui. Akaniuliza kama mwalimu wa huko anafundisha. Nikamwambia anafundisha.

Mwalimu mkuu wa huko, mama mmoja mcheshi, alitupokea vizuri.

"Mmekuja wakati mwema," akasema. "Gredi ya tano ilikosa mwalimu siku nyingi. Sasa tumeletewa mzoefu kutoka mjini."

Akatupeleka mpaka mlangoni mwa darasa. Ubaoni palikuwa na maneno ya kunakili. Naye huyo hapo, yule yule wetu, kichwa juu ya meza.

Nilitaka kumshika mwanangu mkono turudi, lakini alikuwa ameshaingia, begi mgongoni, na adabu zote nilizomfunza.

"Shikamoo, mwalimu," akasema, akasimama kungoja aamke.