Jina la Bibi kwenye Vitanda Viwili

Aliyekuja kunitahini wodini nilimfundisha mimi kufunga bendeji. Miaka kumi na kitu iliyopita alikuwa mwanafunzi wa mafunzo ya vitendo katika zahanati yangu, huko bara ya Kilifi, msichana mwembamba aliyeogopa sindano kuliko wagonjwa wenyewe. Alitoka shule moja kwa moja hadi chuo kikuu. Mimi nilianza na cheti cha uuguzi, nikaongeza stashahada nikiwa na watoto wawili, na sasa, katika umri wa kuvaa miwani ya kusomea, nilikuwa naitafuta shahada. Njia za kuipata ni nyingi, huwa tunaambiwa. Hatuambiwi kwamba ukipita ile ndefu utawakuta wadogo zako wamekaa mlangoni na kalamu.

"Shikamoo, mama," alisema. Niliitikia marahaba, lakini kwa shingo upande.

Mtihani huo ndio uliokuwa umebaki. Nikifaulu, nahitimu mwaka huo huo. Nikianguka, narudia zamu zote za wodi ya wazazi na kungoja mwaka mwingine. Mama yangu, kule Rabai, alikuwa amekwisha kuchagua leso ya kuvaa kwenye mahafali na kuwatangazia majirani wote. Hajui kunyamaza, mama yangu.

Kazi niliyopewa ilikuwa ndogo hata ikaniudhi: kumdunga sindano ya penisilini mama aliyejifungua kwa upasuaji. Nimedunga sindano ngapi maishani mwangu? Nilisoma jina kwenye faili, nikaandaa dawa huku nikitaja kila hatua kwa sauti, kama wanavyotaka, nikijiona mtu mzima anayeimbishwa alfabeti. Nikaenda kitanda cha dirishani. Nikamtajia mgonjwa majina yote mawili, nikamwuliza kama ndiye.

"Ndiyo, ni mimi, sista," akajibu, macho yamejaa usingizi.

Nilikuwa nimeshapangusa ngozi kwa spiriti mtahini wangu aliponishika mkono. "Mama, ngoja."

Akageuza utepe uliokuwa kwenye kifundo cha mkono wa mgonjwa. Namba yake haikuwa ile ya faili. Vitanda vitatu kutoka pale alikuwa amelala mwanamke mwingine mwenye majina yale yale. Walikuwa watoto wa ndugu wawili, wote wamepewa jina la bibi yao mzaa baba, na wote wanatumia jina la babu kama la ukoo. Mgonjwa hakunidanganya. Na faili la huyu wa dirishani lilikuwa na maandishi mekundu: penisilini inamdhuru.

Mgeni kutoka Nairobi angesamehewa. Mimi nimezaliwa huku. Kwetu tuko binamu wanne wenye jina langu, na likiitwa matangani tunaitika wote. Nilijua hilo kabla sijajua kusoma. Bado nilimtajia mgonjwa jina, badala ya kumwacha alitaje mwenyewe kisha nikalinganisha namba, kwa sababu nilikuwa na hamu ya kumwonyesha yule binti kwamba mimi si wa kufundishwa.

Tulitoka nje, hadi kwenye veranda. Nilipaswa kumshukuru Mungu kwa ajili ya yule mwanamke. Badala yake nilisema maneno ambayo hadi leo yananitia haya: "Mwanangu, usiandike. Si hakuna lililotokea?"

Aliitazama fomu, machozi yakimlengalenga.

"Kule zahanati nilimpa mtoto matone yasiyo yake," alisema. "Nikakuomba hivi hivi. Uliandika, mama."

Nilikuwa nimesahau kabisa. Yeye hakuwa amesahau. Akaandika, akaniwekea fomu nitie sahihi, nami nikatia. Nilikuwa nimeanguka, na leso ya mama ingerudi sandukuni.

Niliporudi wodini kuchukua mkoba wangu, yule wa dirishani aliniita. Sasa alikuwa ameamka vizuri, anamnyonyesha mwanawe.

"Sista, mbona hukunidunga?"

"Haikuwa yako," nikamwambia. "Ilikuwa ya binamu yako pale."

"Kumbe!" Akacheka kidogo, akishika mshono wake. "Ahsante sana kwa kuwa mwangalifu, sista. Mungu akuweke."

Sikumwambia kwamba mwangalifu hakuwa mimi. Nilisema amina, nikachukua mkoba wangu.